Fundi wa Sultani

Zannis hakai. Mpe kiti, atakipokea kwa heshima zote, atakipindua aone miguu yake ilivyochomekwa, atakirudisha chini, kisha atasimama palepale. Mkewe, Kaliroi, alizoea kusema kwamba tangu wafunge ndoa hajapata kumwona mumewe akimaliza kikombe cha kahawa mahali pamoja. Anakianzia jikoni, anakimalizia gatini, na vikombe vya nyumba ile vinaokotwa kisiwa kizima. Lakini mwaka ninaousimulia, siku za kuelekea Sikukuu ya Moto, hata Kaliroi mwenyewe alichoka.

"Una upupu?" alimwuliza. "Au umekalia siafu?"

Hakuwa na upupu. Alikuwa na mashua, na mashua yenyewe ilikuwa inahesabiwa siku.

Ngoja nianzie mwanzo, maana mambo ya kisiwa chetu cha Anemusa ukiyaparamia katikati utaona watu wote wana wazimu. Ugiriki nzima huadhimisha uhuru wake mwezi wa Machi, watoto wa shule wakipiga gwaride na kina mama wakikaanga samaki wa chumvi kwa mchuzi wa kitunguu saumu. Sisi nasi twamla samaki huyo, nani anakataa? Ila mioyo yetu huungojea Septemba. Siku hiyo tunaichoma merikebu ya Sultani.

Zamani, katika vita vya kujikomboa, Sultani wa Waturuki alileta merikebu zake kukifuta kisiwa chetu. Hatukuwa na mizinga ya maana. Tulikuwa na nahodha mmoja wa ukoo wa Kanelis na mashua moja kuukuu, iliyojazwa lami, kiberiti na baruti. Mashua ya namna hiyo tunaiita burloto. Kanelis akaisukuma gizani mpaka ubavuni mwa merikebu kubwa, akaitia kulabu ing'ang'anie, akaiwasha, akarukia kidau kilichofungwa nyuma, akapiga makasia kwa nguvu zote alizojaliwa na Mungu. Merikebu ikaungua, nyingine zikatia tanga zikaondoka. Mtoto wa Anemusa huijua hadithi hii kabla ya kuijua Baba Yetu. Nahodha ana sanamu gatini, lenye masharubu makubwa ambayo njiwa hawayaheshimu hata kidogo.

Basi kila mwaka tunajenga merikebu ya mbao nyepesi, matete na vitambaa, tunaiweka ielee juu ya mapipa matupu, tunaipandisha bendera ya mwezi na nyota, tunaitia nanga mdomoni mwa bandari. Jua likishazama, mtu wa ukoo wa Kanelis huenda na kimashua cha mpira, akaigusa kwa mwenge. Inawaka, kengele zinalia, watu wanalia, kisha wanakula. Hata Waturuki wa ng'ambo huja na mashua zao za starehe kutazama, wakapiga makofi kuliko sisi, wakanunua uzo, pombe yetu. Ugomvi ulikwisha zamani, sherehe imebaki.

Lakini cha kuchomwa sharti kwanza kijengwe, na kujenga ni kazi ya ukoo wa Zannis. Ilianza lini, hakuna ajuaye. Babu yake alijenga, baba yake alijenga, na yeye amejenga tangu ndevu zilipoota mpaka zilipogeuka mvi. Na kwa kuwa wao ndio wanaomjengea adui merikebu, mji mzima umewabandika jina, wanaitwa mafundi wa Sultani. Zannis akiingia dukani kununua misumari: "Fundi wa Sultani, Bwana Mkubwa amekulipa?" Akipita mkahawani: "Ami Zannis, salamu Istanbul!" Alicheka nao, cheko la meno tu. Kanisani siku ya sikukuu, Kanelis husimama mbele kabisa ameshika picha takatifu. Zannis husimama nyuma karibu na mlango, vumbi la mbao limemjaa masikioni. Kisha jioni mji mzima hushangilia kazi ya mikono yake inapozama. Hayo aliyazoea. Binadamu huzoea hata kiatu kinachobana.

Asilolizoea ni lile la mwaka ule. Katika banda lake la ufundi mlikuwa na vyombo viwili, kimoja ubavuni mwa kingine. Kimoja ni merikebu ya Sultani, mbavu wazi, inangoja kuvikwa. Cha pili ni Evdokia.

Evdokia aliijenga na baba yake kabla hajaoa, akaipa jina la mama yake. Mkuku wake, uti wa mgongo wa mashua, ni mti mmoja mzima, na mataruma, yaani mbavu zake, yalichongwa kwa tezo. Aliivulia miaka mingi, akamwachia mwanawe, Miltos, naye akaivulia. Kaliroi aliiita "mke mwenzangu", na hakuwa akitania sana, maana usiku wa upepo mumewe aliinuka kitandani kwenda kuitazama kama kamba zimekaza. Yeye Kaliroi alipopata homa, Zannis alimletea limau na kuondoka.

Sasa samaki wamekwisha. Wakubwa wa Ulaya wametoa sheria kwamba mvuvi anayetaka kuacha uvuvi airudishe leseni yake apewe fidia, ila mashua lazima ivunjwe. Ni marufuku kuiuza, marufuku kumpa mtu, marufuku hata kuisimamisha uani mwa shule watoto wapande. Ivunjwe kwa katapila, mbele ya ofisa wa bandari, mbao zikatupwe jaani. Miltos alikuwa ametia saini. Siku ilikwishapangwa, Jumatatu baada ya sikukuu.

"Baba, tulikubaliana," alisema Miltos, amesimama mlangoni mwa banda bila kuingia.

"Nimekataa? Sijakataa. Niache nifanye kazi."

"Kazi gani? Ubao huo unaupiga randa tangu asubuhi. Sasa umekuwa karatasi."

Zannis aliuangalia ubao, akautupa, akachukua mwingine.

"Baba, nikienda baharini narudi na samaki wa kumshibisha paka, naye awe paka mdogo. Nina watoto. Nimepata kazi kwenye kivuko, mshahara kila mwezi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo halina jina," alisema Zannis. "Hii ina jina la bibi yako."

Miltos aliondoka akiupiga teke mtungi wa rangi ambao haukumkosea kitu.

Sasa usidhani mzee alimlaumu mwanawe. Alijua kijana ana haki, na hilo ndilo lililomtesa, maana mtu ukiwa na wa kumlaumu hupata mahali pa kuegemea. Zannis hakuwa napo. Akawa anazunguka tu. Anapanda kilimani kutazama mawingu yasiyokuwepo, anashuka, anaingia bandani, anapapasa ubavu wa Evdokia, anatoka. Usingizi ulimpa kisogo. Alikuwa amemwona katapila huyo akila mashua za wenzake, jinsi anavyoanza nyuma, na tezi, mbao zinavyolia, jinsi mashua inavyoinama upande kama inayoomba. Hakuweza kuvumilia kuona mama yake akifanywa hivyo.

Ndipo akaja na wazo, na wazo lenyewe, Mungu amsamehe, lilikuwa la kipumbavu. Nasema hivyo na ninampenda.

Mchana wakati wa joto, kisiwa kizima kikiwa kimelala na madirisha yamefungwa, Kaliroi aliamka akakuta kitanda kitupu. Akavaa ndala, akaenda bandani. Alimkuta mumewe juu ya ngazi. Ile merikebu ya Sultani alikuwa ameibomoa. Mbao zake zote alikuwa akizipigilia juu ya Evdokia, kushoto na kulia, ghorofa bandia, vitundu vya mizinga na vikorombwezo vyote. Jina lilikwisha funikwa. Mahali pa jina palikuwa na mwezi mwekundu, rangi mbichi inachuruzika.

Kaliroi alisimama akatazama. Kisha akasema polepole, na Kaliroi akisema polepole ujue mambo yameharibika:

"Zannis. Umemvika mama yako bendera ya Sultani?"

"Shusha sauti, watu wamelala."

"Walale! Nakuuliza wewe. Huyu si mkwe wangu? Si yule aliyenifundisha kukanda mkate, aliyenipiga kwa mwiko? Umemfanya Mturuki?"

"Ataungua kwa heshima," alisema Zannis, na ngazi ilikuwa inatetemeka chini yake. "Afadhali moto kuliko katapila. Kengele zitalia, watu watakuwepo..."

"Watamzomea! Watashangilia anavyozama! Hiyo ndiyo heshima?" Alivua ndala moja, nadhani alitaka kumrushia, akaghairi akabaki ameishika. "Maisha yako yote unawajengea adui ili wengine wawe mashujaa, nami nimenyamaza, nimesema mume wangu ana moyo. Leo unamtia na mama yako humo? Na ile burloto je? Ile mashua ya Kanelis ya zamani, mnayoiimba kila mwaka? Ilidondoka kutoka mbinguni? Ilikuwa mashua ya mtu! Kuna mtu alikuwa nayo, aliivulia, aliipaka rangi kila Pasaka, siku ile akaambiwa ilete. Akasimama gatini akaiona inaungua. Mtu huyo yuko wapi? Sanamu lake liko wapi?"

Zannis alikuwa ameacha kupiga nyundo. Alitema misumari iliyokuwa mdomoni. Aliona haya. Aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu kuliko ule mwezi. Akashuka ngazi, akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akaanza kuufuta, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali.

Alipolifikia jina, aligeuka. "Kaliroi. Burloto ilikuwa mashua ya mtu."

"Ndicho nilichosema. Una masikio gani wewe?"

Zannis alikuwa ameshatoka nje, na kofia yake ilibaki msumarini.

Kwanza alikwenda kwa Vangelis Kanelis, kwa sababu mwenge ni wa ukoo wake na bila yeye hakuna linalofanyika. Vangelis alikuwa mkahawani, mtu wa tumbo na sauti, masharubu ameyafuga yafanane na ya sanamu. Alipomwona akapaza sauti ili meza zote zisikie:

"Karibu, Fundi wa Sultani! Vipi, Bwana Mkubwa ameongeza mizinga?"

Watu wakacheka. Zannis hakucheka hata yale meno. Alisema akiwa wima: "Mwaka huu hakuna kimashua cha mpira. Burloto ya kweli itakwenda. Evdokia. Mwenge ni wako, sikunyang'anyi. Usukani nitashika mimi."

Mtu mmoja akaanza, "Makubwa! Fundi wa Sultani ameasi," lakini alipoona hakuna wa kumwitikia akaimeza.

Vangelis alizungusha kikombe chake. Nasi wote tulijua kitu ambacho hakuna aliyekitaja: mwaka wa nyuma, mashua ya Vangelis nayo ilikuwa imevunjwa. Wakati ule alitamba sana. Alinunua gari, akalizungusha kisiwani penye barabara moja, akatuambia mashua ni mbao tu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Akainuka, akamshika Zannis mkono, akamtoa nje mpaka nyuma ya sanamu.

"Ami," alisema kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo, "watu wanadhani siku ile nilikuwepo. Sikuwepo. Nilijifungia chooni nyumbani, nikafungua bomba maji yamwagike nisisikie. Nilisikia."

"Ililiaje?"

"Usiniulize." Akapangusa masharubu. "Usukani ni wako. Mimi nitashika mwenge na nitakaa kimya."

"Kukaa kimya hutaweza."

"Nitajaribu, bwana wee. Usinidai miujiza."

Akabaki ofisa wa bandari, Argiro, mwanamke kijana kutoka bara, mwenye sare iliyonyooka na roho isiyopenda matata. Alimsikiliza Zannis akizunguka meza yake, akamwomba akae, Zannis akashukuru na kuendelea kuzunguka.

"Ami Zannis, sheria inasema katapila."

"Binti yangu, sheria inataka mashua isirudi baharini kuvua. Ikiwa majivu itavua nini?"

Argiro aliinua simu, akaongea na wakubwa wake kwa muda mrefu, huku mzee akifungua na kufunga dirisha. Mwisho akaweka simu chini. Injini itolewe, mafuta yote yatolewe, bati la namba ling'olewe, na mabaki yote yaokotwe asubuhi yake. Tena iungue kweli. Ikizimika nusu, Jumatatu katapila anakuja palepale.

"Sawa. Nimekubali."

"Hujanisikiliza, Ami."

"Injini nje, mafuta nje, bati nje. Sawa, Mungu akulinde."

Alipofika kwenye ngazi za nje ndipo alipojipiga paji la uso. Injini nje! Sasa itakwendaje? Vangelis, alipoambiwa, alisema ikokotwe kwa boti nyingine, kisha mwenyewe akakataa. Burloto iburutwe kwa kamba kama mbuzi wa Pasaka? Nahodha angeshuka kwenye sanamu lake awapige vibao. Hapana. Ilibaki njia ileile ya zamani, tanga.

Evdokia haikuwa imeonja tanga tangu Miltos akinyonya. Zannis akachonga mlingoti. Kaliroi akavichukua vitambaa vilivyokuwa vya merikebu ya Sultani, akavishona tanga moja kubwa, akinung'unika kila uzi: anamshonea mke mwenziwe sanda, duniani kuna mambo. Lakini mishono ilikuwa midogo na imara, na pembe alizitia mkunjo mara mbili. Merikebu ya Sultani ilijengwa upya harakaharaka, ikawa mbaya kuliko zote alizowahi kujenga, imeinama upande. Zannis hakuwa na habari nayo.

Miltos alikuja asubuhi moja bila kuitwa. Alivua shati, akafungua injini, akaitoa pamoja na baba yake. Kisha ikawa zamu ya kutoboa sakafu ya juu, maana burloto hutobolewa matundu ili moto upumue. Mzee alishika shoka, akainua, akashusha bila kupiga. Akainua tena.

"Lete, Baba," alisema Miltos.

"Wewe?"

"Mimi ndiye niliyetia saini. Lete."

Akapiga. Kila pigo lilimtoka na pumzi ya kilio, na baba yake alisimama pembeni akimwonyesha mahali, hapa, hapa, hapo usiguse, hapo ndipo penye taruma la babu yako.

Siku ya sikukuu ikafika. Misa ikasomwa, majina ya mashujaa yakatajwa. Upepo wetu wa Septemba huanza mchana, ukavuma vizuri mpaka jua linapogusa maji, halafu hukata, kimya, hata jani halitikisiki. Jambo hilo analijua kila mtoto. Diwani mkuu wetu naye analijua, lakini alikuwa ameagiza fataki kutoka bara, na fataki zinataka giza.

"Ami, subiri jua lizame," alimwambia Zannis. "Nikimaliza hotuba nitainua mkono."

"Ukimaliza hotuba upepo utakuwa umelala."

"Nitafupisha."

Hajapata kufupisha tangu azaliwe. Zannis akawa anakwenda huku na huku gatini, kutoka sanamu mpaka kwenye taa, kutoka taa mpaka kwenye sanamu, akilowesha kidole na kukiinua. Gati lilikuwa limejaa watu. Evdokia ilikuwa majini, imepakwa rangi upya kana kwamba ni Pasaka, jina lake linang'aa, tumboni imejaa lami na kuni kavu. Jua lilikuwa likishuka. Kidole kikakauka polepole zaidi. Kikakauka polepole zaidi tena. Jukwaani diwani ndiyo kwanza alikuwa anasafisha koo: "Ndugu wananchi, wageni waheshimiwa, tunaposimama hapa leo..."

Zannis akarukia mashuani. "Twende."

"Hotuba bado," alinong'ona Vangelis, mwenge mkononi.

"Hotuba haina tanga. Twende!"

Wakafungua kamba. Tanga likapanda, likapiga mara mbili, likalegea. Watu waliokuwa karibu wakaguna. Mzee akausukuma usukani, akamsemesha mama yake maneno ambayo Vangelis mpaka leo hataki kuyasema. Halafu pumzi ya mwisho ya upepo ikalijaza. Evdokia ikainama kidogo ubavu, ikaondoka, bila mlio wa injini, maji tu yakinong'ona mbele, omoni, na gati zima likampa diwani mgongo. Yeye naye, nitamsifia hilo, akanyamaza katikati ya neno.

Ilikwenda. Walioizoea ikitetemeka kwa injini hawakujua kuwa ni nzuri kiasi kile. Ikaenda moja kwa moja mpaka ubavuni mwa merikebu ya Sultani, ikaigonga, na Vangelis akatupa kulabu. Akagusisha mwenge kwenye lami, moto ukasema "hu!", akarukia kidau kilichofungwa nyuma.

"Ruka, Ami!"

Zannis hakuruka. Alikwenda omoni. Moshi mweusi ulikuwa unatoka kwenye matundu, nasi tulimwona ameinama, anashughulika na kamba. Alikuwa anaifunga mashua kwenye merikebu. Anaifunga vizuri, fundo lake lilelile la kila jioni, anavuta kujaribu kama imekaza, kama mtu anayeiacha ilale. Alipomaliza akasimama na kuweka kiganja kwenye ubao, akabaki hivyo.

"Ruka, mzee wee! Ruka!" Vangelis alikuwa anapiga kelele, sauti imekatika.

Gatini, Miltos alikuwa amekwisha vua viatu aogelee. Ndipo Kaliroi alipowapenya watu mpaka ukingoni, akaweka mikono mdomoni, na sauti yake ikavuka bandari yote:

"Zannis! Mwache huyo mwanamke aende! Njoo nyumbani!"

Akageuka. Akaangalia gatini, kama aliyeamshwa. Kisha akaruka, akaanguka nusu kidauni nusu majini, Vangelis akamvuta kwa mkanda wa suruali.

Moto ukaishika Evdokia kwanza, ukapanda tanga mara moja, ukawa mkubwa, ukaruka ukaishika merikebu. Ziliungua pamoja. Kengele zilichelewa kulia, maana mpiga kengele naye alikuwa analia. Kwa muda mrefu hakuna aliyeshangilia. Wanaume waliokwisha vunjiwa mashua zao walisimama mstari mmoja bila kupangwa, kofia mkononi, na kila mmoja, nadhani, alikuwa anaizika yake. Fataki zilipigwa baadaye, hakuna aliyezitazama.

Kidau kilipofika, watu walimpisha Zannis njia. Jina la Fundi wa Sultani halikutoka mdomoni mwa mtu. Argiro alikuja na kalamu yake, akiona haya kuuliza, lakini kazi ni kazi.

"Ami, niandike kwamba chombo kimeharibiwa?"

"Wewe andika unavyotakiwa, binti yangu. Ila haikuharibiwa. Ilikwenda vitani."

Argiro akaandika anavyotakiwa, akafuta jicho kwa mkono wa sare.

Miltos alileta kiti kutoka mkahawani. Zannis akakipokea. Hakukipindua, hakutazama miguu yake ilivyochomekwa. Alikiweka chini akakikalia, ameelekea baharini, mikono juu ya mapaja. Mtu akamletea kahawa. Akanywa taratibu, funda kwa funda, mpaka mashapo ya chini, akaweka kikombe chini ya kiti, akaendelea kukaa.

Siku zile zote Kaliroi alikuwa hajatoa chozi, si bandani, si alipokuwa akishona, hata moto ulipowaka. Alipoona kikombe kimekwisha palepale kilipoanziwa, ndipo alipojifunika uso kwa aproni akalia.